Mwaka Nilipoomba Helikopta

Maziwa ya ngamia yana harufu ya moshi. Asiyeyajua hudhani yameungua, lakini sivyo. Wanawake wa huku kwanza hukifukiza chombo kwa vijinga vya moto mpaka ndani kiwe cheusi, ndipo wayatie maziwa, na moshi ule hukaa humo ukikupokea kabla hujaonja. Nafanya kazi katika kemisti moja mjini Garissa, na asubuhi hupita mama mmoja na mitungi yake ya njano. Akifungua kifuniko tu hapo mlangoni petu, harufu ya spiriti na dawa zote hushindwa, na mimi huwa sipo tena Garissa. Niko Eldas, nina miaka minane, nimesimama kwenye matope nimeinua uso juu, nasubiri helikopta.

Msinicheke. Nitawaeleza.

Baba alikuwa mwalimu. Alipelekwa Eldas kutoka Meru nikiwa mdogo sana, na Mama akamfuata akiwa na mimi mgongoni, sufuria mbili na Biblia yake ya Kimeru. Tulikaa kwenye nyumba za walimu, nyumba za mabati zilizozungushiwa ua wa miti ya miiba. Kulikuwa na mbuzi, upepo, vumbi, na watoto walioniita "nywele ngumu" mpaka nikazoea kuitika. Sisi watu wa "down Kenya", yaani tuliotoka huko chini, tulikuwa wachache: walimu kadhaa, askari, na mke wa askari mmoja aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo. Jumapili tulikutana katika darasa la nne, tukabanana kwenye madawati ya watoto, tukaimba kwa sauti ya wastani.

Mama hakuwa na sauti ya wastani. Aliimba darasani kama alivyoimba akifua, na aliimba akifua kama alivyoimba darasani. Kwake Mungu hakuwa mtu wa Jumapili. Punda wa maji akitokea, Mama alimshukuru Mungu kwanza, kisha ndipo akamsalimu mwenye punda. Na jioni, kabla hatujagusa chakula, kila mmoja wetu alitakiwa kutaja kitu kimoja alichokiona siku ile cha kumshukuru Mungu, na haikuruhusiwa kurudia cha jana. Kwa mtoto wa Eldas huo ulikuwa mtihani mgumu. Nilishukuru kwa ngamia. Nikashukuru kwa mtoto wa ngamia. Siku moja, nimeishiwa kabisa, nikashukuru kwa kinyesi cha ngamia, kwa kuwa nilipokikanyaga kilikuwa kikavu. Baba alipaliwa kwa kicheko. Mama akasema "Amina" kwa uzito uleule wa siku zote, akapakua.

Na kuhusu kuomba, alikuwa na somo moja. "Mungu hazungushwi, Kendi. Ukitaka kitu, mwambie kitu chenyewe."

Ng'ambo ya ua wetu aliishi Habiba. Mumewe alikuwa dereva wa lori, safari zake zikiwa za Mandera na kurudi, kwa hiyo mara nyingi nyumbani alibaki yeye, watoto wake, na mama mkwe wake ambaye sote tulimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Mimi nilifunzwa kumwita Habiba "Habaryar", mama mdogo. Kwenye ua kulikuwa na pengo ambalo mbuzi walilianzisha na watu wakalipanua. Kupitia pengo hilo zilipita chumvi, moto, sahani za wali na habari. Mama na Habiba walielewana kwa Kiswahili cha aina yao, nusu cha Kimeru na nusu cha Kisomali. Habiba alisema "bole" badala ya pole na "fizuri" badala ya vizuri, na baada ya muda mimi pia nikawa nasema hivyo, mpaka Baba akakasirika.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito, na Habiba alikuwa amejifungua miezi michache tu nyuma, msichana aitwaye Hodan. Ndugu yangu Murithi alizaliwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Siku chache baadaye ikaja mvua.

Mvua ya huko haifanani na ya Meru. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeiomba, waliofunga na wasiofunga, na ilipokuja ilikuja yote kwa mpigo. Yale makorongo makavu tunayoyaita laga yakageuka mito. Barabara ya Wajir ikakatika. Maduka yakaanza kuwa na rafu tupu, na ikaonekana helikopta ya msaada ikishusha magunia kwenye uwanja wa shule. Sisi watoto tulikimbia chini yake tukiwa vichaa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Ndipo Mama akaugua. Titi moja lilivimba likawa jekundu, likawa jipu; homa ikampanda mpaka akaanza kumwita mama yake aliyekuwa Meru. Maziwa ya titi la pili yakakauka. Mhudumu wa zahanati alikuja na viatu vyake mkononi, akamchoma sindano, akamwambia Baba nje ya mlango, "Mama atapona. Huyu mtoto ndiye naogopa. Tafuta maziwa yake."

Tulijaribu ya mbuzi, yaliyochemshwa na kuzimuliwa. Murithi aliyatapika yote, na yale asiyoyatapika yakamharisha. Maziwa ya kopo ya watoto hayakuwepo dukani. Baba akapanda lori la askari kwenda kuyatafuta Wajir. Walifika kwenye laga ya kwanza wakakuta maji yamejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, na lori lenyewe likazama magurudumu. Baba alirudi kwa miguu. Nakumbuka alivyokaa kizingitini, matope mpaka kiunoni, asiingie ndani. Ndani, Murithi alikuwa analia kama paka mdogo. Kisha kilio kikaanza kupungua. Mimi nilifurahi kwamba sasa anatulia. Sikujua kwa nini Baba alipoona nimefurahi aligeuza uso.

Mnaweza kuuliza mbona hatukupiga hodi ng'ambo ya ua. Baba hakutaka kuisumbua nyumba ya watu waliofunga. Na Jumapili ile, baada ya ibada, mke wa askari alimshika kando akamwonya, "Mwalimu, kuwa mwangalifu. Usije ukampeleka mtoto kwa watu wakamfanya wao." Nilikuwa karibu, nikasikia. Habiba naye alituletea uji wa mzazi, lakini aliukabidhi mlangoni, akiamini mgonjwa amelala na mtoto analia kama watoto wote wanavyolia.

Basi mimi nikafuata somo la Mama. Sikumzungusha Mungu. Nilimwambia kitu chenyewe: helikopta, ile kubwa, ije na maziwa ya kopo, ishuke kwenye ua wetu kwa sababu Baba amechoka hawezi kutembea mpaka uwanjani. Nilikuwa nimeona wanaume wakiweka alama nyeupe mahali pa helikopta kushukia. Chokaa sikuwa nayo. Nikachukua kitambaa cheupe cha Mama cha kanisani, kile cha kufunga kichwani, nikakitandaza kwenye matope, nikakaza ncha zake kwa mawe, nikasimama kando nikitazama mawingu. Mbuzi mmoja akapita juu yake. Nikamfukuza, nikaendelea kungoja.

Aliyetokea ni Habiba, kupitia pengo la ua, amebeba nguo alizozianua zisipate mvua. Akaona kitambaa.

"Kendi! Nguo ya mama nafanya nini kwa tobe?"

"Naiita helikopta."

"Nani naleta helikobta?"

"Mungu. Inamletea Murithi maziwa. Hanyonyi. Mama hana, na ya mbuzi anatapika."

Uso wa Habiba ulibadilika. "Tangu lini?"

Sikujua tangu lini. Nilimwambia tu kwamba hata kulia ameacha. Habiba aliziangusha nguo zake palepale kwenye matope, nguo safi, akaniacha na kuingia nyumbani kwetu bila hodi.

Nilimfuata. Alikwisha kumwokota Murithi kutoka kando ya Mama, ameketi kwenye gunia la maharagwe, anamtazama. Kisha akasema maneno kwa Kisomali kwa sauti kubwa kuelekea dirishani, na muda si muda Ayeeyo akaingia, amejifunika gunia la plastiki kichwani kwa ajili ya mvua. Alipoona Habiba anaanza kulegeza nguo kifuani, mzee akainua mkono.

"Sug!" akasema. Ngoja. Akamgeukia Baba. "Mwalimu. Mimi nataka wewe fahamu kwanza. Maziwa si maji. Huyu kama nanyonya hapa, yeye ndugu ya Hodan. Si mchezo. Yeye hawezi kuoa Hodan, hawezi kuoa dada ya Hodan, mpaka kufa. Habiba ni mama yake. Wewe nakubali?"

Baba alimtazama Ayeeyo, akamtazama mtoto. Najua sasa kwamba alikuwa anayasikia masikioni yale maneno ya mke wa askari.

Sauti ikatoka kitandani. Sote tulidhani Mama amelala. "Ayeeyo," alisema, polepole sana, "mtoto hata kitovu hakijapona vizuri. Ninyi tayari mnazungumza harusi?"

Ayeeyo alishtuka, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Baba hakucheka. Aliinama kitandani akamnong'oneza Mama, lakini Mama alijibu kwa sauti, mbele ya wote. "Nimeomba msaada tangu nilipoanza kuugua. Sikumwambia Mungu amtume mtu wa kanisa gani. Mpe mtoto anyonye."

"Na mkirudi kwenu?" akauliza Ayeeyo. "Mtasahau?"

"Hatutasahau."

"Bismillahi," alisema Habiba. Mama kutoka kitandani akasema, "Amina." Mwanzoni Murithi hakujua la kufanya, alikuwa amesahau, au amechoka. Habiba alimkamulia matone midomoni, akamsubiri, akamkamulia tena. Kisha tukasikia anameza. Chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza mtoto akimeza. Baba akatoka nje, akakaa mvuani.

Mimi, kusema kweli, nilikuwa nimevunjika moyo. Jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda cha Mama nikamlalamikia. "Mungu hakusikia. Helikopta haikuja."

Mama aliyafungua macho yake yaliyojaa homa. "Habiba amekuja," akasema.

Niliona hilo si jibu. Habiba alikuwa ng'ambo ya ua siku zote.

Kuanzia hapo Murithi akawa mtoto wa nyumba mbili. Asubuhi, adhuhuri na usiku alipitishwa kwenye pengo la ua kama ile chumvi. Ayeeyo, ambaye ulimi wake haukuliweza jina lile, alimwita "Murisi" na kumpaka mafuta mpaka akang'aa. Homa ya Mama ikashuka, jipu likapasuliwa, akaanza kutembea akijishikilia ukutani, na siku aliyofika mlangoni pa Habiba peke yake wanawake wale wawili walishikana wakalia, nami nikaona haya, nikaenda kucheza.

Kuna jambo moja niliona nisilielewe. Mchana mmoja nilimkuta Habiba nyuma ya jikoni yake anakunywa maji. Mwezi wa Ramadhani! Hata mimi nywele ngumu nilijua. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, akatabasamu. Nilidhani nimemfumania akiiba maji ya Mungu. Niliibeba siri ile kwa fahari kubwa, sikumwambia mtu, na jioni nilimshukuru Mungu kwa "kitu fulani nisichoweza kutaja". Baba alinitazama kwa wasiwasi.

Maji yalipungua, magari yakapita, maziwa ya kopo yakafika, na titi moja la Mama likarudi kufanya kazi. Januari ikaja na jua lake, lile la kupasua midomo. Katika jua hilo, zikawapo siku ambazo Mama alitupakulia chakula cha mchana asile. Nilipomuuliza alisema ameshiba. Jioni alikaanga mandazi, akayabeba kupitia pengo la ua, nami nikamfuata nyuma. Habiba alikuwa ametandika mkeka uani. Walikaa wawili hapo, mbele yao mandazi na tende na jagi la maji, Murithi amelala na Hodan akitafuna kijiko, mpaka adhana ya jioni iliposikika. Ndipo wakala. Niliona ni mchezo wao wa watu wazima, kungoja adhana ndipo waanze. Mimi niliruhusiwa kula mandazi kabla, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Baadaye Baba alihamishwa, tukarudi Meru. Mama alikuwa amesema hatutasahau, na hatukusahau. Mwaka jana Murithi, aliye kijana mwenye ndevu sasa, alikwenda Eldas kumzika Ayeeyo. Aliniambia kwamba alipoingia ndani, Hodan na dada zake hawakuziokota shela zao kufunika nywele, kama wanavyofanya mwanamume mgeni akiingia. Walimpa tu sahani za kuosha.

Mimi nilikuja Garissa kwa ajili ya kazi. Pale kemisti niko na Sahra, mwenzangu wa kazi, mwenye watoto wawili na mdomo usiotulia. Mwezi huu, ambao si Ramadhani wala si karibu na Ramadhani, nilimwona anakataa chai. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nalipa," akasema. "Ramadhani nilikuwa nanyonyesha, sikuweza kufunga zote. Sasa nazilipa. Ugumu wake unajua ni nini? Si njaa. Ni kwamba watu wote wanakula, na wewe uko peke yako."

Aliendelea kuhesabu vidonge. Mimi nilisimama na kikombe changu mkononi mpaka chai ikapoa. Nilimwona Habiba nyuma ya jikoni na glasi yake ya maji. Alikuwa amefunga mwezi ule na Hodan kifuani, akiweza, mpaka alipomwongeza na wetu. Kwa watoto wawili mwili ulikataa. Na Januari, katika jua lile, alikuwa analipa, siku kwa siku, Eldas nzima ikila. Kisha nikamwona Mama akitupakulia chakula, akisema ameshiba.

Jioni hiyo nilimpigia Mama simu Meru, nikamuuliza kwa nini Januari ile hakuwa akila mchana.

"Nilikuwa nimeshiba," akasema.

"Mama."

Akacheka kidogo. "Sasa ningekulaje nikimwona? Njaa ile ilikuwa yangu, Kendi. Yeye aliibeba tu."

"Alijua?"

"Siku ya kwanza sikumwambia. Lakini adhana ilipolia nilikunywa glasi mbili za maji bila kupumua. Alinitazama hivi, akatazama jagi. Akasema, 'Mama Kendi, wewe mwislamu lini?' Nikamwambia sijawa, nina kiu tu. Tulicheka tukamwagikiwa na maji."

"Na kanisani walisemaje?"

"Hawakuniuliza, sikuwaambia. Kila mtu alikuwa anaomba kwake. Mungu si kiziwi." Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri, nikajua mazungumzo ya Eldas yameisha.

Mwaka huu nimefika umri aliokuwa nao Mama wakati ule. Hilo nalo sikulijua nikiwa mtoto, kwamba alikuwa msichana tu, yuko mbali na mama yake, ana jipu na homa na mtoto anayefifia. Nilidhani watu wazima huzaliwa na imani yao kama walivyozaliwa na urefu wao. Na kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kanisani nikiishia pale Habiba alipopita kwenye ua: niliomba helikopta, Mungu akamtuma jirani, haleluya. Watu hufurahi. Lakini sasa naona nilikuwa naikata katikati. Kwa Mama, maombi yaliyojibiwa hayakuwa mwisho wa jambo. Yalimfanya aamke kesho yake akitazama nani naye anahitaji mtu wa kuwa naye.

Asubuhi iliyofuata niliiacha chupa yangu ya chai nyumbani. Sikumwambia Sahra. Nilijiona mtakatifu mpaka karibu na adhuhuri. Baada ya hapo nilimjibu vibaya mzee aliyetaka dawa ya kikohozi, nikamwomba msamaha, nikamwomba na Mungu, nikakaa chini. Kichwa kiligonga. Harufu ya sambusa za jirani iliingia dukani ikakaa nasi kama mteja asiyenunua. Niliomba bila kuzungusha: Bwana, jua lishuke.

Lilishuka kwa wakati wake. Adhana ilipoanza Sahra alitoa tende kwenye mfuko, akafungua chupa ya maji, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile.

"Wewe Kendi, leo umekuwa kimya hivi. Una nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumwambia. Yote yalikuwa yamekauka.

"Nipe maji kwanza," nikasema.